Kopo la Vichekesho

Jumatatu, 3 Machi

Katuni tangu asubuhi. Bata kapigwa kikaango, kaangukiwa na kabati, kalipuliwa na baruti. Kasimama, kajikung'uta manyoya, kakimbilia kulipiza. Kopo la katuni limejaa hadi mdomoni kabla sijamaliza chai. Nimelimwaga, nimeanza upya. Na hiki ndicho tunachowawashia watoto ili watuache tupike kwa amani. Kinyaa kitupu.

Niandike nimeingiaje kwenye upuuzi huu, maana kuna siku nitajiuliza. Usharika wetu unaandaa semina ya wazazi ndani ya Kwaresima. Kisa ni yule mtoto wa Sunday school aliyembeba mdogo wake juujuu na kumtupa kutoka kitanda cha juu, kama anavyoona kwenye mieleka. Mkono ukavunjika. Wazazi wakaanza kurushiana lawama pale nje ya kanisa. Huyu anasema mieleka ndiyo mbaya, huyu filamu za mapigano, yule anasema tamthilia za Kituruki zimeharibu nyumba yake. Mchungaji akasema basi mtu mmoja akae, aangalie kila aina ya kipindi, alinganishe ukatili uliomo. Wote wakanigeukia mimi. Mwalimu mstaafu, mjane, ana king'amuzi, ana mdomo.

Sawa. Nimetoa vizibo vyangu vya soda, vile vile nilivyofundishia darasa la kwanza kuhesabu, na makopo matupu ya maziwa. Kila aina ya kipindi na kopo lake, jina nimebandika kwa karatasi. Pigo moja, kizibo kimoja. Macho yangu yabaki kwenye TV, mkono ufanye kazi.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kihwele, katoa masharti. Pigo la hasira ndilo linahesabiwa. Na vichekesho tusivihesabu. "Pale watu wanacheka, Mwalimu, hakuna anayeumia." Kopo la vichekesho nimeliweka hata hivyo, sipendi pengo kwenye mstari. Litakaa tupu.

Jumanne, 4 Machi

Filamu za mapigano zilizotafsiriwa. Mtafsiri ndiye anayenichefua kuliko hata damu. Mtu anachomwa mkuki wa tumbo, yeye anachekelea kwenye maiki, "Huyo keshakwenda kwao!" Kichwa kimekatika, anamtania mwenye kichwa. Nilisonya mpaka mdomo ukachoka.

Tusekile ananisaidia kudondosha vizibo nikienda chooni. Huyu ni mtoto wa mdogo wangu Subi wa Uyole, kule Mbeya. Yupo kwangu hapa Iringa tangu Januari. Kaletwa nimfundishe mambo ya ndoa, harusi ni Jumamosi ile baada ya Pasaka. Nimfundishe nini? Anapika kuliko mimi, anafua kuliko mimi, na nyumba hii haijawahi kung'aa hivi. Anakaa pale kwenye kochi anafuma vitambaa vya nyumba yake mpya. Kile kichwa kilipokatika aliniomba nimsogezee uzi mwekundu. Hakushtuka hata kidogo. Watoto wa siku hizi wamezoea kila kitu.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. TV imezimwa. Nimepumua.

Alhamisi, 6 Machi

Kikorea asubuhi, Kituruki mchana.

Kikorea hawana bunduki sana. Wana mama wakwe. Kofi la mama mkwe linaonyeshwa kutoka kila upande, taratibu, na kinanda juu yake, halafu wanalirudia kesho kipindi kikianza. Je, ni kizibo kimoja au vitatu? Nimeweka kimoja. Wanamwagiana maji ya glasi usoni pia. Hilo nimelihesabu, asiyetaka anishtaki kwa Mzee Kihwele.

Kituruki wanaume wazuri, suti nzuri, wanapigana risasi harusini. Wanaoa kwa nguvu, halafu msichana anampenda. Khaa! Wanawake wa jumuiya yetu wanalia machozi na hao watu. Mama Edina, jirani yangu, hata jina la mjukuu katoa huko. Kopo la Kituruki liko nusu, lakini ile ya kuoa kwa nguvu sikujua niitumbukizie nini. Hakuna pigo. Kamati haikusema kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nilitaka kupumzisha macho, nikaacha kipindi cha vichekesho kiendelee. Kile ambacho mtaa mzima unakiangalia. Mwanaume mnene kavaa kanga ya mkewe. Mke akikosea jambo lolote, amesahau chumvi, amekosea jina la mgeni, mwanaume anamtandika kofi la kisogo, pa! na kusema, "Amka, mama!" Basi. Ndiyo kichekesho chenyewe. Kila wiki. Wamemwekea na mlio wa sufuria inayoanguka, halafu vicheko vya watu ambao hawaonekani.

Mama Edina alikuja kuomba moto wa jikoni, akakaa, akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nilitabasamu pale mwanzo, yule mke ana macho ya kuchekesha.

Tusekile aliinuka kwenda kuangalia makande. Makande yalikuwa hayajabandikwa. Nilidhani kayasahau.

Jumamosi, 8 Machi

Mgeni. Gwamaka, mchumba wa Tusekile, kaja kutoka Rujewa na gunia la mchele wa Mbarali. Ana mashine ya kukoboa mpunga kule. Kijana mwenye adabu, mlokole, hanywi, kapiga goti kunisalimia, "Shikamoo mama mkubwa." Kaniingizia gunia mpaka stoo bila kuambiwa. Kabla chai haijaiva alishajua majina ya majirani wote, na sebule ilishajaa. Anaigiza watu. Kaigiza mchungaji wao wa Rujewa, kaigiza mfugaji wa Kisangu anayetafuta ng'ombe wake kwenye mashamba ya mpunga, kaniigiza mimi ninavyohesabu vizibo. Tulicheka, kwa nini nikatae. Nyumba hii haijacheka hivyo tangu mume wangu afe.

Halafu Tusekile akaleta chai, kasahau sukari. Gwamaka akainuka taratibu, akajikunja tumbo mbele kama yule mnene wa kwenye TV, akamzunguka. Pa! Kisogoni. "Amka, mama!"

Sebule nzima ikaanguka. Mama Edina kalia machozi. Chai ikammwagikia Tusekile mkononi, akaipangusa na kitenge, akaenda kuchukua sukari.

Mimi nilisikia mlio. Nimefundisha watoto miaka mingi, najua mlio wa kofi la kuigiza na mlio wa kofi. Lile lilikuwa kofi.

Nimejiambia labda mkono ulimponyoka.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Gwamaka kaimba besi, kila mtu kageuka kumtazama. Baada ya ibada, pale uwanjani, Tusekile kadondosha kitabu cha nyimbo. Pa! "Amka, mama!" Wazee wa kanisa wamecheka. Mchungaji kacheka. Mzee Kihwele, mwenyekiti wa semina ya ukatili, kampiga Gwamaka begani na kumwambia ana kipaji.

Mkono haukumponyoka. Mara mbili mkono hauponyoki.

Kabla hatujafika getini watoto wa Sunday school walishaanza kupigana visogo, "Amka, mama! Amka, mama!" Kavulana kamoja kalimpiga dada yake mpaka kofia ikaruka. Mama yao alikuwa anacheka.

Gwamaka karudi Rujewa jioni. Kaniachia asante nyingi.

Jumanne, 11 Machi

Mieleka. Wanaume wamejipaka mafuta, wanapigana na viti. Kopo limejaa haraka sana. Lakini nimegundua jambo: wale wote wawili wamelipwa, wote wawili wamekubali, na akiumia anatolewa kwa machela. Sikuwaonea huruma hata kidogo.

Wanyama. Simba kamrarua nyati, utumbo nje. Tusekile anafuma tu. Sikuhesabu. Simba hana hasira, ana njaa.

Taarifa ya habari. Hakuna muziki, hakuna mtafsiri, watu wamelazwa chini wamefunikwa mashuka. Msomaji kafunga karatasi, kasema sasa tugeukie michezo. Nimeweka vizibo nikiwa nimechukia kila mtu.

Makopo yapo mstarini dirishani. La vichekesho tupu, linameta kwa ndani.

Alhamisi, 13 Machi

Leo sikuangalia TV. Niliiwasha, nikaangalia uso wa Tusekile.

Nikaweka mapigano: panga, damu ukutani. Anafuma. Nikaweka mieleka. Anafuma. Nikaweka kipindi cha mizimu, maiti inatoka kaburini, mimi mwenyewe roho ilinienda mbio. Yeye kakata uzi kwa meno. Nikaweka yule mnene wa kanga. Bado hajafanya kitu, anaingia tu mlangoni, mkewe kampa mgongo. Sindano ikasimama. Shingo ya mtoto ikaingia mabegani, taratibu, yenyewe, na alikuwa kilomita mia na zaidi kutoka Rujewa, ameketi na mama yake mkubwa, mchana kweupe.

Pa! Mlio wa sufuria. Vicheko.

"Naenda kuangalia jiko, mama mkubwa."

Nilimshika mkono. Nikamuuliza kwa Kinyakyusa, ili yasiwe maneno ya TV, kama Gwamaka anampiga. Akasema hapana. Akasema anamtania tu. Akasema, "Kila mtu anacheka." Nikamuuliza na wewe je, unacheka? Akatazama makopo kule dirishani. Nikamuuliza huwa anakutania mkiwa peke yenu, pasipo mtu wa kucheka? Akainuka.

Nina hasira, na sina mtu wa kumpiga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka, nimefungua mapazia. Kopo la vichekesho limejaa.

Limejaa kabisa, vingine vimeanguka dirishani. Nikadhani Tusekile kaamka mapema kuangalia vipindi bila mimi. Nikaita. Akaja na ufagio mkononi. Nikamuuliza umeangalia kipindi gani mpaka kopo likajaa hivi.

"Sijawasha TV, mama mkubwa."

Akaendelea kufagia. Nilikaa kwenye kochi nikiwa na nguo ya kulalia. Sikuvihesabu. Mimi ninayehesabu kila kitu sikuweza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempigia Subi. Mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja utotoni, nilidhani atanielewa kwa nusu ya neno. Kacheka! Kasema, "Dada, huyo kijana ni mcheshi, sasa ulitaka aoe mtu na sura ya msiba?" Kasema hata kwao Uyole alifanya vile, wakacheka wote mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kasema damu imetoka? Jino limetoka? Kasema Tusekile tangu mdogo ni mzubavu kidogo, labda anazinduka.

Anazinduka. Mama mzazi huyo.

Nikamwambia nataka kikao, pande zote mbili, kabla ya kitchen party. Kasema nitawaaibisha. Nikamwambia naja. Nikakata simu, nikala ugali baridi nikiwa nimesimama. Nimechukia vicheko vyote vya dunia hii leo.

Jumatano, 19 Machi

Tusekile hakutaka twende. Kasema yaishe, kadi zimeshachapwa. Kasema atazoea. Nikamwambia mimi siendi kumsemea uongo, nitasema nilichokiona tu, yeye akitaka kunyamaza anyamaze. Kafungasha nguo. Mimi nimefungasha kopo la vichekesho, nimelifunga mfuniko na kulikaza kwa kitambaa kimoja alichofuma, vizibo visilie njiani.

Alhamisi, 20 Machi

Uyole. Mvua, matope, baridi ya kuuma masikio. Subi kanipokea vizuri na kaninunia vilevile. Sebuleni kuna TV kubwa kuliko yangu. Usiulize ilikuwa inaonyesha nini.

Jumamosi, 22 Machi

Kikao.

Niandike polepole. Sebule ya Subi. Upande wetu: mimi, Subi, Tusekile, na baba yake mdogo Ambakisye, ndiye mwenye neno tangu baba mzazi wa Tusekile afariki. Upande wa pili: Gwamaka, shangazi yake, na mshenga, mzee mmoja mpole mwenye koti la mvua ambalo hakulivua. Zikafunguliwa soda. Sala. Salamu za Kinyakyusa, ugonile, ndaga, habari za mpunga, habari za mvua. Gwamaka kasema jambo kuhusu matope ya Uyole, wote wakacheka. Alikuwa ameshachukua chumba kizima kabla sijafungua mdomo.

Nikaongea. Nimesimama mbele ya darasa maisha yangu yote, leo nilianza mara mbili. Nikaeleza semina, nikaeleza makopo. Nikasema nimeangalia kila aina ya ukatili unaoonyeshwa, mtoto huyu hashtuki kwa panga wala kwa maiti. Anashtuka kwa kichekesho. Nikaweka kopo mezani katikati ya soda, nikafungua mfuniko. Nikasema hivi kaviweka yeye, na TV ilikuwa imezimwa.

Halafu shangazi wa Gwamaka akapasuka kucheka. "Vizibo, jamani! Mwalimu katuletea vizibo!" Na mshenga akacheka, na Ambakisye akatabasamu, na mimi nikajiona mjinga, mwanamke mzima na kopo la maziwa.

Ambakisye akamgeukia Tusekile. Kwa upole, simlaumu. "Mwanangu, huyu kijana amekupiga?"

Tusekile alikuwa ameshika soda yake kwa mikono miwili. Akasema, "Hapana, baba mdogo. Hajanipiga."

Subi akanitazama, unaona sasa.

Hapo kama kijana angenyamaza, ndoa ingefungwa. Angekunywa soda yake tu. Lakini hawezi kukaa kwenye chumba chenye watu bila kuwachekesha. Akainuka, tabasamu hadi masikioni, akasema, "Wazee wangu, mama mkubwa ni mwalimu, lazima ahesabu. Ngoja niwaonyeshe wenyewe, ni hivi tu." Akasukuma tumbo mbele. Akamzunguka Tusekile nyuma ya kiti. Mtoto alikuwa ameinua chupa kunywa.

Pa! "Amka, mama!"

Chupa ikagonga meno. Nilisikia, kila mtu alisikia. Fanta ikamwagika kifuani. Damu haikutoka. Shangazi akacheka. Mshenga akaanza kucheka, akaishia njiani.

Tusekile hakulia, hakugeuka. Aliweka chupa mezani, akajifuta kifua, akaivuta shingo ndani, akasubiri. Alikuwa anasubiri kofi la pili. Mahali pale, mbele ya mama yake, kama mtu aliyezoea kwamba kuna la pili.

Subi aliona. Nilimwona anaona. Mdomo wake ulikuwa bado na kicheko, hakujua akiweke wapi. Akainama chini, nikadhani anatafuta kitambaa cha kufutia. Akaokota kizibo cha ile Fanta. Akakitazama. Akakitumbukiza kwenye kopo, klin.

"Hicho nimekiona mwenyewe," akasema.

Gwamaka alikuwa bado amesimama na tabasamu lake, anatazama uso mmoja hadi mwingine, anatafuta anayecheka. Akasema, "Mama, si utani?" Akamwambia Tusekile, "Waambie, si huwa tunacheka?"

Tusekile akasema, "Mimi sijawahi kucheka."

Hakupandisha sauti. Baada ya ile hapana yake, ni hayo tu aliyosema kikao chote.

Ambakisye aliweka soda yake chini. Alimwomba mshenga watoke nje kidogo. Walisimama kwenye mvua chini ya bati, wazee wawili, muda mrefu. Waliporudi Ambakisye alisema ng'ombe wote wa mahari wapo, hatujauza hata mmoja, waje wawachukue. Shangazi akasema maneno ambayo siyaandiki. Gwamaka alitoka wa mwisho. Mlangoni aligeuka, nikadhani ataomba radhi. Kasema, "Mmenikosea sana. Mimi sijawahi kumpiga mtu." Na alikuwa anamaanisha, Mungu wangu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Hilo ndilo linalonichefua mpaka sasa kuliko kofi lenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Subi hakwenda kanisani. Alikaa jikoni akimenya ndizi nyingi kuliko tunazoweza kula. Simu za ndugu zimelia kutwa. Nimeambiwa nina wivu wa mjane. Nimeambiwa nimeharibu nyota ya mtoto kwa sababu ya vipindi vya TV. Binamu mmoja kauliza sasa kadi zitafanywa nini. Nikamwambia awashie mkaa.

Jumamosi, 29 Machi

Semina, Iringa. Ukumbi umejaa. Nimepanga makopo juu ya meza, kila moja na jina lake. Walitaka niseme mieleka. Walitaka niseme Wachina na filamu zao za mapigano. Nikawaonyesha la katuni limejaa kuliko mieleka, wakaguna. Nikawaonyesha filamu za mapigano, wakatikisa vichwa, wao si watu wa namna hiyo. Nikaweka la vichekesho mwisho. Jina la Tusekile sikulitaja. Nikasema katika aina zote hizi, hapa peke yake ndipo anayepigwa anatakiwa na yeye acheke.

Mzee Kihwele kasimama. "Lakini Mwalimu, tulikubaliana vichekesho havihesabiwi." Nikamwambia tulikosea. Kakaa. Mchungaji aliandika kitu.

Na kule nyuma baba mmoja, jitu zima la kwaya, kampiga mkewe kisogoni, "Amka, mama, semina imeisha!" Ukumbi ukacheka. Baada ya yote niliyosema, ukumbi wa kanisa, Kwaresima, wakacheka! Mkewe naye alicheka. Lakini nilikuwa namtazama yeye. Aliangalia kwanza uso wa mume wake, ndipo akacheka. Nimekusanya makopo yangu nikaondoka bila kunywa chai yao.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua tangu mchana. Nimeosha makopo, nimeyaanika. Vizibo nimevirudisha kwenye mfuko wake wa zamani. Mama Edina kaleta viazi vya kuchemsha, kakaa kidogo. Hakuomba TV iwashwe. Wakati wa kuondoka alimshika Tusekile mkono, akaushikilia, akaenda zake.

Tusekile hajaamua atafanya nini. Anasema labda afungue duka la vitambaa, kule Mbeya soko la Mwanjelwa au hapa. Nimemwambia hapa kuna baridi, vitambaa vya kochi havimpi mtu joto. Akacheka. Kidogo, puani. Tangu aje Januari nilikuwa sijakisikia kicheko chake, kinafanana na cha Subi alipokuwa mdogo.

Mchana alilala kwenye kochi, ufumaji kifuani. TV nilikuwa nimeiwasha bila sauti, mtu anaonyesha namna ya kupanda maparachichi. Baridi ikazidi. Nikachukua blanketi langu, nikaenda nyuma ya kochi, nikanyanyua mkono kumfunika.

Alikuwa usingizini kabisa. Mikono yake ikaruka yenyewe, ikafunika kisogo.

Nilibaki nimesimama na blanketi hewani. Sikujua niushushe mkono vipi. Nikarudi nyuma hatua kidogo, nikazunguka kochi nikaja mbele, pale ambapo angeniona kama angefumbua macho. Nikachuchumaa. Magoti yalinilia.

"Tuse," nikamwita taratibu. "Ni mimi, mama mkubwa. Nakufunika."

Mikono ikashuka, mmoja, halafu wa pili. Ndipo nikamfunika.